Mpira wa kulishia tumboni: barua kutoka Nyakato hadi Nansio

Barua nyingi za mwezi huu, kutoka Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria, zinazunguka jambo moja: mgonjwa hamezi, na hospitali imesema atawekewa mpira wa tumboni "bila kupasuliwa". Tumezifupisha na majina tumeyaondoa. Wanaojibu ni wataalamu wetu wa upasuaji, endoskopi (kazi ya kamera ya mdomoni) na lishe.

Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 58 na amegundulika na saratani ya umio. Alianza kukwamwa na ugali, ukafuata wali, sasa hata uji unarudi. Ni wiki ya pili anaishi kwa maji ya kijiko. Daktari mmoja alisema atawekewa mpira kwa kamera ya mdomoni, mwingine akasema hapana, apelekwe chumba cha upasuaji kwa matundu madogo. Mbona wanapingana? Na huo mpira utamponya?
*Mama, Nyakato*

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Hawapingani. Wote wawili wanalitazama swali moja: kamera inapita kwenye umio wa baba, au haipiti?

Njia ya kamera ilianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1979, pale Michael Gauderer, daktari wa upasuaji wa watoto, na Jeffrey Ponsky, mtaalamu wa endoskopi, walipomwekea mtoto mpira bila kufungua tumbo. Kabla yao iliyotumika zaidi ilikuwa ya Stamm, ya mwaka 1894: tumbo linachanwa, mfuko wa chakula unavutwa juu, unatobolewa, kisha unashonwa kuuzunguka mpira. Hiyo ya Stamm haijafa, na isidharauliwe. Hospitali isiyo na kamera bado inaweza kumwokoa mtu kwa njia hiyo, hata kwa ganzi tu.

Kwa kamera, mgonjwa anakaa saa 8 bila kula. Kama nusu saa kabla ya kazi anachomwa antibiotiki kwenye mshipa, mara nyingi sefazolini gramu 1 hadi 2, kwa kuwa mpira utaingilia mdomoni na kuburuta bakteria wa kooni hadi kwenye kidonda cha tumbo. Anapewa dawa ya kusinzia, si nusu kaputi. Kamera inashuka hadi kwenye mfuko wa chakula, hewa inapulizwa mpaka mfuko unafutuka na kugusa ukuta wa tumbo kwa ndani. Taa za chumba zinapunguzwa. Hapo kwenye ngozi, upande wa kushoto chini ya mbavu, unaonekana mwanga mwekundu kama tochi iliyofunikwa na kiganja. Daktari anabonyeza pale kwa ncha ya kidole, na kwenye skrini kinatokea kishimo kilekile, kama mtu anavyobonyeza unga wa chapati uliokandwa. Mwanga usipoonekana, au kishimo kikiwa hakieleweki, hapatobolewi.

Bado kuna kipimo kingine kabla ya kisu. Bomba la sindano lenye dawa ya ganzi linaingizwa taratibu huku mkono ukivuta nyuma. Mapovu ya hewa yatokee ndani ya bomba wakati uleule ncha ya sindano inapochomoza kwenye skrini. Mapovu yakitangulia na ncha haijaonekana, sindano iko ndani ya kitu kingine kilichojipenyeza katikati, na mara nyingi kitu hicho ni utumbo mpana. Sindano inatolewa, panatafutwa mahali pengine. Dakika hiyo moja ndiyo inayozuia kinyesi kutokea kwenye tundu la kulishia miezi miwili baadaye.

Vipimo hivyo vikikubaliana, ngozi inachanwa sentimita 1, sindano nene inaingia, uzi mrefu unapitishwa, unanaswa na kitanzi cha kamera na kutolewa mdomoni. Mpira unafungwa kwenye uzi huo, kisha unavutwa kutoka upande wa tumbo: unapita mdomoni, umioni, mpaka kisahani chake cha ndani kinakaa kwenye ukuta wa mfuko. Kisahani cha nje kinashushwa kikiacha nafasi ya nusu sentimita hadi sentimita 1 kutoka kwenye ngozi. Kazi yote ni dakika 15 hadi 30. Kwa mtu mzima mpira wa namba 20 ndio wa kawaida. Kila namba 3 ni milimita 1 ya unene, kwa hiyo huo una karibu milimita 6.7.

Sasa kwa baba. Kamera ya kawaida ina unene wa milimita 9 hadi 10, na mtu ambaye hata uji unarudi hana nafasi hiyo. Kulazimisha au kupanua kwa nguvu kunaweza kupasua umio. Tena mpira unaovutwa kupita juu ya uvimbe unaweza, ingawa ni nadra, kubeba chembe za saratani na kuzipandikiza kwenye ngozi ya tumbo. Ndiyo sababu ya yule daktari wa pili.

Kwenye matundu madogo mgonjwa anapewa nusu kaputi. Karibu na kitovu panatobolewa tundu la milimita 5 hadi 10, tumbo linajazwa gesi ya kabonidayoksaidi kwa shinikizo la milimita 10 hadi 12 za zebaki, kamera inaingia hapo. Tundu la pili linawekwa palepale mpira utakapotokea, sentimita 2 hadi 3 chini ya mbavu za kushoto. Likipandishwa sana, mpira utasuguana na mbavu na maumivu hayataisha. Kibanio kinashika ukuta wa mbele wa mfuko, katikati yake, si karibu na mlango wa kutokea chakula, na kuuvuta mpaka ugusane na ukuta wa tumbo. Unabanwa kwa nyuzi 4 zilizokaa kama pembe za mraba. Katikati ya mraba huo ndipo sindano, waya, vipanuzi vinavyoongezeka unene, na mwisho mpira wenye puto, vinaingia kwa zamu. Puto linajazwa maji yaliyotakaswa yasiyo na vijidudu, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mpira wenyewe, mara nyingi mililita 5 hadi 10. Yasiwe maji ya chumvi, chumvi hugandia kwenye vali.

Faida nyingine: kamera iliyo nje ya mfuko inaona ini na utando wa tumbo. Saratani ikiwa imeshasambaa huko, mpango mzima wa matibabu unabadilika siku hiyohiyo.

Ipo na njia ya tatu, ya kutumia picha za eksirei zinazotembea. Mpira mwembamba wa puani unajaza hewa, kisha mfuko unatobolewa kutoka nje kwa waya na vipanuzi. Haihitaji kamera wala nusu kaputi, ila inahitaji mashine na mtu wake.

Mama, kabla hujasaini fomu, muulize daktari: kuna mpango wa kumfanyia baba upasuaji wa kuondoa umio? Kama upo, mfuko wa chakula usiguswe, kwa sababu huo ndio utakaovutwa juu kifuani kuwa umio mpya, na tundu linaweza kuharibu mshipa wa damu unaoulisha. Mpira unawekwa kwenye utumbo mdogo. Tofauti yake utaiona nyumbani: utumbo mdogo hauna ghala, chakula kinaingia polepole kwa dripu, saa 12 hadi 18 kwa siku. Ukisukuma kikombe kizima kwa mkupuo, atatoka jasho, moyo utamwenda mbio na ataharisha.

Na kama upasuaji hauwezekani tena, ulizia pia springi ya umio. Inafungua njia akala kwa mdomo, ingawa inaweza kuteleza au kuumiza kifua. Mzee anayetamani kuonja sato si wa kupuuzwa.

Kuponya, hapana. Mpira hautibu saratani. Unampa mwili wa kuhimili mionzi na dawa, na kwa hali ilivyo sasa hilo si dogo. Ila msimlishe kwa pupa. Mtu aliyekaa zaidi ya siku 10 bila kula cha maana akijazwa ghafla, fosfati, potasiamu na magnesiamu kwenye damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Anaanza na kalori 10 kwa kilo ya uzito kwa siku, anapandishwa ndani ya siku 4 hadi 7, anapewa vitamini B1 kabla ya mlo wa kwanza, na damu inapimwa. Hili mkumbusheni hata muuguzi wa wodini. Linasahaulika.

Habari za kazi. Sisi tuko Ukerewe. Baba yetu amepata kiharusi, aliwekewa mpira kwa kamera Mwanza wiki 3 zilizopita, na tumerudi naye kisiwani. Usiku anauvutavuta. Ukichomoka huku, na kivuko kina ratiba yake, tufanye nini?
*Kijana, Nansio*

Jibu linategemea umri wa tundu. Njia kati ya ngozi na mfuko wa chakula inahitaji takriban wiki 4 kushikana vizuri, na kwa aliyedhoofika, mwenye kisukari au anayetumia dawa za steroidi inaweza kufika 6. Kabla ya hapo, mpira ukitoka, mfuko unaweza kubanduka na kushuka. Ukirudisha mpira kwa kupapasa, utaingia tumboni nje ya mfuko, na uji utakaousukuma utamwagika kwenye utando wa tumbo. Watu hufa kwa kosa hilo.

Baba yenu bado yuko humo. Kwa wiki hizi chache, ukichomoka msirudishe chochote, msimpe chochote kwa mdomo wala kwa tundu, funikeni kwa shashi safi, mpelekeni hospitali ya wilaya hapo Nansio ili aanze dripu na antibiotiki huku mkipanga safari. Tumbo likiwa gumu kama ubao, au homa ikipanda, semeni hivyo mlangoni, msisubiri foleni.

Baada ya wiki ya 6 sheria inageuka. Adui sasa ni saa. Tundu lililokomaa huanza kusinyaa ndani ya saa 2 hadi 4, na kabla siku haijaisha laweza kuziba. Kwa mtu wa kisiwani hii maana yake ni kwamba akiba ikae nyumbani: katheta ya Foley, ile ya mkojo, ya namba ileile na nyingine ya namba moja chini (mpira ukiwa 20, weka na 18), jeli ya maji, bomba la mililita 10, plasta. Pakeni jeli, iingizeni bila nguvu kwa urefu ambao mpira wa zamani ulikuwa ndani, ongezeni sentimita 3 au 4, ibandikeni kwa plasta. Ikigoma, acheni. Puto msilijaze wenyewe. Likijazwa likiwa bado kwenye njia badala ya mfukoni, litapasua njia. Hata ikiingia kama maji, msilishe mpaka muuguzi avute majimaji na kupima kwa karatasi ya asidi: kipimo kiwe 5.5 au chini. Baba akiwa anatumia omeprazoli kipimo hicho hudanganya, afadhali picha yenye dawa ya kuonyesha njia.

Foley ni ya kushikilia tundu tu. Haina kisahani cha nje, kwa hiyo tumbo huivuta ndani kidogo kidogo mpaka puto linaziba mlango wa kwenda utumboni. Mgonjwa aliyekuwa sawa jana anaanza kutapika kila mlo. Wekeni alama ya kalamu pale inapotokea kwenye ngozi, mtaiona ikipotea.

Kuhusu kuvutavuta: lazeni mpira kuelekea juu kifuani, bandikeni, kisha mfungeni kanga kiunoni kama mkanda, fundo likae mgongoni. Mikono msiifunge.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya. Nina mgonjwa mwenye mpira wa miezi 5. Hauzunguki, hausogei, kusukuma maji kunataka nguvu, na chakula kinavuja pembeni. Tumekuwa tukikaza kisahani cha nje ili kuzuia uvujaji, lakini unazidi. Tunakosea wapi?
*Muuguzi, Sengerema*

Kwenye kukaza. Kila dalili uliyoitaja inaelekeza kwenye kisahani cha ndani kuzama kwenye ukuta wa mfuko. Kisahani cha nje kikibana ngozi, cha ndani kinabana ukuta wa mfuko. Nyama iliyobanwa inakosa damu, inachimbika, kisha inaota juu ya kisahani na kukifunika. Chakula kinakosa pa kuingilia, kinarudi pembeni, mnaona uvujaji, mnakaza tena. Simamisheni kulisha leo, msiuvute, mpelekeni kwenye endoskopi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna tena kisingizio cha foleni ya kivuko.

Kwa wagonjwa wenu wengine: baada ya wiki ya kwanza au ya pili, kadiri aliyeuweka alivyoelekeza, fungueni kisahani cha nje, sukumeni mpira ndani sentimita 2 hadi 3, uzungusheni mzunguko kamili, urudisheni, acheni nafasi ya sentimita 1. Angalau mara moja kwa wiki. Wanaotengwa ni wawili: mwenye mpira uliorefushwa hadi utumbo mdogo, huo usizungushwe kwani utajisokota, na mwenye nyuzi ambazo hazijatolewa. Andikeni kwenye kadi namba ya sentimita inayosomeka usawa wa ngozi. Mtu akiongezeka uzito namba hiyo hubadilika, na kisahani kilichokuwa huru Januari kinabana Juni.

Uvujaji wa mpira unaozunguka vizuri ni habari nyingine. Pimeni puto, ulizeni kuhusu choo kigumu, kikohozi, mlo unaoingia haraka. Kishawishi kikubwa ni kubadilisha na kuweka mpira mnene zaidi. Msifanye. Tundu linapanuka kufuata mpira, na mwezi ujao mtatafuta namba ambayo haipo dukani. Ngozi iliyobabuka ipakwe krimu ya zinki. Kinyama chekundu kinachotoa damu kikiguswa kwa kawaida si usaha wala saratani. Kinachomwa kwa kijiti cha nitrati ya fedha, ngozi ya pembeni ikiwa imekingwa.

Mwanangu wa miaka 3 alikunywa soda kali ya kutengenezea sabuni, umio umebana. Wanataka kumwekea mpira kwa matundu madogo. Tumbo la mtoto kujazwa gesi ni salama?
*Mama, Igoma*

Kwa mtoto aliyepimwa moyo na mapafu, ndiyo. Shinikizo linashushwa hadi milimita 8 hadi 10 za zebaki, vifaa ni vya milimita 3 au 5, na gesi inatolewa yote mwishoni. Kwa mtoto wako kuuona mfuko kwa macho kuna maana ya pekee: soda inaweza kuwa imeuchoma nao, na daktari atachagua sehemu yenye afya. Mara nyingi huacha pia uzi unaoingilia puani na kutokea kwenye tundu la tumbo. Msiukate mkidhani umesahaulika. Wakati wa kupanua umio, vipanuzi hufuata uzi huo, na njia inakuwa salama kuliko kupapasa kutoka juu.

Baada ya wiki 6 hadi 8 anaweza kuwekewa kifaa kile kifupi cha kulishia kinacholala sawa na ngozi kama kifungo cha shati. Wengine huwekewa tangu siku ya kwanza. Urefu wake unapimwa kwa kijiti maalumu: kikiwa kifupi kinachimba, kikiwa kirefu kinacheza na kuvuja. Mtoto anayelishwa vizuri atanenepa, kwa hiyo kipimwe upya kila kinapobadilishwa, yaani kila miezi 3 hadi 6. Kila wiki vuta maji ya puto kwa bomba, hesabu, rudisha mapya. Uliweka mililita 5 zimetoka 4, jazia. Zimetoka 0, puto limepasuka, na kinachozuia kifungo kisitoke sasa ni plasta tu.

Kwa wanaosoma hili na wana soda hiyo nyumbani: mtoto akiinywa asitapishwe. Itauchoma umio mara ya pili ikipanda.

Tunauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hatukosi chakula. Lakini mpira wa bibi huziba kila wiki. Tunampa uji wa lishe na dagaa waliosagwa. Chakula cha kopo hatukiwezi bei yake.
*Wajukuu, Kirumba*

Chakula cha nyumbani kinafaa, mradi mpira uwe namba 14 kwenda juu na uko kwenye mfuko wa chakula. Kinachoziba mpira wa bibi huenda ni viwili: uji unaoganda ukipoa, na mchanga. Dagaa walioanikwa chini ufukweni hubeba mchanga ambao mashine ya kusaga haiwezi kuumaliza. Chukueni wa kwenye chanja, waoshwe, wachemshwe, wakaushwe, wasagwe, kisha unga upite kwenye chujio la chai lenye matundu madogo kabisa. Kitakachobaki juu ya chujio wapeni kuku.

Kwa mtu wa kilo 50, anayehitaji kalori 1,250 hadi 1,500 kwa siku, mchanganyiko huu unatosha: unga wa ulezi au mahindi gramu 100, maziwa mililita 500, mayai 2, unga wa dagaa gramu 30, mafuta ya kula vijiko vikubwa 3, sukari vijiko vikubwa 2, maji ya kufikisha lita 1 na robo. Protini humo ni kama gramu 55. Ukipikwa ukiwa mzito, msiuongeze maji, mtapunguza nguvu yake. Uacheni upoe mpaka uvuguvugu ambao kidole kinavumilia, mwagieni kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga, subiri dakika 10. Mtaona uji uliokuwa unasimamisha mwiko ukitiririka kama maziwa. Kimea humeng'enya wanga. Kisha rudisheni jikoni uchemke, maana unga wa kimea haukupikwa. Mayai na dagaa viive humo. Ukipoa, uchujeni.

Gaweni mara 5, mililita 250 kila mlo, kwa bomba la mililita 60 lililoondolewa mchi, likishikwa juu ili chakula kishuke chenyewe kwa dakika 20 hadi 30. Bibi akae au ainuliwe nyuzi 30 hadi 45, abaki hivyo saa nzima baada ya kula. Akilazwa chali kitapanda na kuingia mapafuni. Maji yaliyochemshwa mililita 30 kabla na 30 baada, kila mara. Dawa zisagwe moja moja, na maji katikati yake. Vidonge vinavyotoa dawa polepole au vyenye ganda havisagwi. Mwambieni mfamasia kuwa bibi ana mpira, atatafuta ya maji. Kwa joto la Mwanza chakula kilicho nje ya friji kisizidi saa 2. Cha friji, saa 24.

Ukiziba: maji ya uvuguvugu kwa bomba la 60, sukuma na vuta taratibu, funga, acha dakika 20, rudia. Bomba dogo la mililita 2 au 5 lina shinikizo kubwa, linapasua mpira. Soda ya chupa inagandisha maziwa na kuzidisha tatizo. Waya wa baiskeli, ambao tumeulizwa kwenye barua mbili, ni hapana.

Mzee wetu ana kichocho cha muda mrefu, bandama kubwa na tumbo lina maji. Amepata kiharusi, hamezi. Mpira utawezekana?
*Familia, Magu*

Pengine, lakini si haraka. Kichocho cha utumbo, kilichoenea sana pande zote za ziwa hili, huacha makovu kwenye ini. Presha ya mishipa inayoingia ini hupanda, mishipa ya umio na mfuko huvimba, maji hujaa. Maji hayo huuweka mfuko mbali na ukuta wa tumbo na njia haishikani. Mshipa uliovimba ukichomwa, damu yake ni ngumu kuizuia. Bandama kubwa pia hula chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda: tunataka zisipungue 50,000, na kipimo cha kuganda, INR, kisizidi 1.5. Apigwe altrasaundi na aangaliwe kwa kamera kwanza. Kwa wiki kadhaa mpira mwembamba wa puani utamtosha, na huenda akarudi kumeza.

Mpira hutolewaje? Na baada ya hapo mtu anaweza kuoga ziwani?
*Msomaji, Musoma*

Wenye puto: linanyonywa, mpira unatoka. Wenye kisahani laini: unavutwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukikandamiza tumbo, kunauma sekunde chache. Wenye kisahani kigumu hukatwa na kutolewa kwa kamera. Tundu hufunikwa kwa shashi, mgonjwa hali saa kadhaa, na mara nyingi hujifunga ndani ya siku 1 hadi 3. Likiendelea kutoa majimaji baada ya wiki kadhaa, linashonwa.

Kuoga kwa maji ya ndoo kunaruhusiwa hata mpira ukiwepo, siku chache baada ya kuwekwa. Ziwani hapana, na hilo halihusiani na tundu peke yake: kichocho hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Kama umeshaoga huko miaka yote, meza prazikwanteli kwa vipimo vya zahanati.